0xFFF8: jinsi nilivyochoma viazi vya Mama kwa baridi

Nimekaa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na sababu yenyewe ni aibu. Kuna kosa nililofanya kwenye msimbo ambalo kila nikianza kuliandika naona picha ya shamba, naacha. Leo nimeamua kulimaliza. Kama wewe si mtu wa programu usikimbie, nitaeleza polepole. Kama wewe ni mtu wa programu, basi hasa wewe ndiye usikimbie.

Nyumbani kwetu ni Timau, kwenye barabara ya kutoka Nanyuki kwenda Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Wengi wanaijua kwa mashamba ya maua na ngano. Wanachosahau ni baridi. Tuko karibu kabisa na ikweta, lakini tuko juu, zaidi ya mita 2,000. Mwezi wa Januari na Februari, mbingu ikiwa wazi usiku na upepo ukitulia, joto la ardhi hupaa na kupotea. Kukipambazuka unakuta majani yamefunikwa na kitu cheupe kama chumvi. Hiyo ndiyo jalidi. Jua likishapanda kidogo, majani ya viazi yanageuka meusi kana kwamba mtu amepita akiyamwagia maji moto. Ndiyo maana kwetu watu husema viazi vimechomwa na baridi.

Mama analima viazi aina ya Shangi, nusu ekari. Wakati wa kiangazi hutumia maji ya mradi yanayoshuka kwa mabomba kutoka mlimani. Dawa yake ya jalidi ni moja tu: kufungua springla kabla baridi haijafika sifuri, na kuziacha zizunguke mpaka jua litoke. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na joto hilo kidogo ndilo linalookoa jani. Shida ni kujua usiku gani. Ukifungua kila siku utamaliza maji na majirani watakuja mlangoni. Ukikosa usiku mmoja, umekosa msimu.

Kwa miaka mingi Mama aliamka mwenyewe saa tisa usiku, akatoka nje na shali, akanyoosha mkono hewani. Alikuwa na sahani ya bati yenye maji juu ya tangi. Maji yakianza kushika ngozi ya barafu, anafungua springla. Mimi nikiwa na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta nikaona hilo haliwezi kuendelea.

Kwa hiyo nikaunda kifaa. Kihisi cha joto kinachoitwa DS18B20, bodi ya Arduino Uno, modemu ya laini ya simu, betri na paneli ndogo ya sola. Kila dakika 15 kinapima. Joto likiwa nyuzi 2 au chini yake mara tatu, kinatuma ujumbe kwenye kabambe ya Mama. Nilisema mara tatu kwa sababu kihisi kilikuwa kimeshatoa namba ya uongo mara moja moja, na sikutaka kumwamsha bure. Nikakijaribu kwa kukitia ndani ya friza ya buchari moja pale mjini. Kikasoma nyuzi 9 chini ya sifuri. Safi kabisa.

Mwaka wa kwanza kiliita mara mbili, na mara zote mbili viazi vikapona. Mama akaanza kulala mpaka asubuhi. Sahani ikarudi jikoni. Kumbuka hilo la sahani, ndilo linaloniuma zaidi.

Kisha nikataka kuboresha. Uno ina KB 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na msimbo wa modemu ulikuwa unazimaliza. Nikahamia ESP32, ambayo ina KB 520 na inajua kulala usingizi mzito ili kuokoa betri. Nikahamisha msimbo wangu ulivyo, ukakubali bila kelele. Nikaujaribu kwa glasi ya maji yenye barafu, ukasoma nyuzi 0.25. Friza sikwenda tena. Kwani si nilishajaribu?

Usiku mmoja wa Januari 2024 nilikuwa Nairobi. Mama alinipigia saa moja na dakika kumi asubuhi.

"Kifaa chako kimeniandikia sasa hivi."

"Kimesema nini?"

"Tahadhari, baridi. Nimetoka nje. Mwanangu, jua limeshatoka."

Sikuwa na la kusema. Jumamosi nilipanda matatu nikaenda nyumbani. Sitaeleza harufu ya shamba la viazi lililochomwa, wanaoijua wanaijua. Nilitoa kadi ya kumbukumbu kwenye kifaa, nikaiweka kwenye laptopu juu ya meza ya jikoni, Mama akiwa amekaa upande wa pili. Hiki ndicho tulichokuta:

03:45   0x0021   2.06
04:00   0x0014   1.25
04:15   0x0006   0.38
04:30   0xFFF8   KOSA
04:45   0xFFEC   KOSA
05:00   0xFFE0   KOSA

Na KOSA, KOSA, KOSA mpaka 06:45. Halafu:

07:00   0x0009   0.56   TUMA

Kwa wasiojua, zile herufi ni namba za heksadesimali, au heksa kwa kifupi. Sisi tunahesabu kwa tarakimu kumi, heksa inahesabu kwa kumi na sita: 0 hadi 9, halafu A ni kumi, B ni kumi na moja, mpaka F ambayo ni kumi na tano. Ile 0x ya mbele haina thamani, ni bango la mlangoni linalosema kinachofuata ni heksa. Tunaipenda kwa sababu kila tarakimu moja ya heksa ni biti nne kamili, kwa hiyo tarakimu nne ni biti 16, ambazo ni baiti mbili. Na kihisi hiki kinatoa baiti mbili, ya chini kwanza halafu ya juu. Ukiziunganisha unapata joto lililozidishwa mara 16. Mfano 0x0014 ni 20, gawanya kwa 16 unapata 1.25.

Sasa joto chini ya sifuri linaandikwaje? Fikiria mita ya gari, ile ambayo madalali wanairudisha nyuma. Ikiwa kwenye 00000 ukairudisha hatua moja, inaonyesha 99999. Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Kutoka 0x0000 ukirudi nyuma hatua moja unapata 0xFFFF, kwa hiyo 0xFFFF ni hasi 1. Ukirudi hatua nane unapata 0xFFF8, ambayo ni hasi 8. Gawanya kwa 16: nusu nyuzi chini ya sifuri.

Lakini biti zenyewe hazijui kama ni hasi. Zile zile 0xFFF8, ukizisoma kama namba isiyo na alama, ni 65528. Gawanya kwa 16: nyuzi 4095.5. Ndivyo msimbo wangu ulivyosoma. Wakati barafu inashika majani ya Mama, kifaa kiliamini Timau ni moto kuliko chuma chochote kinachoyeyuka.

Mstari wenyewe ni huu:

int ghafi = (juu << 8) | chini;

Kwenye Uno, int ni biti 16. Baiti hizo mbili zinaijaza yote, biti ya juu kabisa inaangukia kwenye nafasi ya alama, na namba inakuwa hasi yenyewe. Mimi sikuandika popote kwamba iwe hasi. Ilitokea tu, kwa bahati ya upana. Kwenye ESP32, int ni biti 32. Baiti zangu mbili zinakaa chini, nafasi ya alama iko mbali juu na ina sifuri. Namba inabaki 65528. Mstari ni ule ule herufi kwa herufi, mashine mbili, majibu mawili.

Hata hivyo ningekamatwa mapema kama nisingekuwa mwerevu. Kihisi hiki kikiwashwa, kabla hakijapima chochote, namba iliyomo ndani yake ni 0x0550, yaani nyuzi 85. Kuna siku Mama alipata taarifa kwamba mchana wa Timau umefika nyuzi 85, akacheka wiki nzima. Nikaongeza chujio:

if (joto >= 85) return;

Chujio likafanya kazi yake vizuri. Lilitupa nje 4095.5 bila kumwambia mtu. Hesabu ikabaki mbili, ile ya 04:00 na ya 04:15, ikisubiri ya tatu. Ya tatu ikaja saa moja asubuhi, jua lilipopandisha joto juu ya sifuri. Kifaa kikahesabu moja, mbili, tatu, kikatuma ujumbe kwa uaminifu wote.

Nilimweleza Mama haya yote. Aliangalia kioo, akaweka kidole kwenye 04:30.

"Hii ni saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu usiku."

"Na hii namba ndiyo baridi yenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hivyo kilijua. Kikanyamaza."

Sijawahi kusikia ripoti ya kosa la programu iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo.

Baadaye nikafikiria hilo swali lake la saa. Kadi imeandika 04:30, mimi nikasema saa kumi na nusu, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu, maana sisi tumezoea tangu utotoni kuvuka saa sita mbele na nyuma. Lakini mwambie mgeni ambaye hajazoea kwamba mkutano ni "saa 2" uone. Atakuja mchana, wewe ulishamaliza asubuhi. Ile 2 haikumdanganya. Ilikuwa inamsubiri mtu anayejua inasomwaje. Namba za heksa ndani ya msimbo ni hivyo hivyo. 0xFFF8 si namba bado. Inakuwa namba pale unaposema ina upana gani na kama ina alama.

Basi nikarekebisha:

int16_t ghafi = (int16_t)((juu << 8) | chini);

Yaani nimeiambia mashine wazi: biti 16, zenye alama, popote ulipo. Nikapakia, nikarudi Nairobi nikijiona nimetubu.

Siku chache baadaye, saa sita mchana, simu.

"Kifaa chako kinasema kuna barafu, na mimi nimeanika mahindi juani."

Ujumbe ulisema nyuzi hasi 0.06, na uliendelea kuja. Kumbe fuko alikuwa ameguguna waya wa kihisi. Kihisi kisipokuwepo, waya ule unasomeka moja tupu, na baiti zote mbili zinakuwa 0xFF. Hilo nilikuwa nimelifikiria tangu mwanzo, na nilikuwa na ulinzi:

if (ghafi == 0xFFFF) return;

Ulinzi huu ulifanya kazi kwenye Uno. Ulifanya kazi kwenye ESP32 na kosa langu la kwanza ndani yake. Nilipoondoa kosa la kwanza, ulinzi ukafa. Hapa ndipo nilipokaa chini nikasoma kanuni za lugha ya C ambazo chuoni nilizipita mbio.

Kila namba unayoiandika ndani ya msimbo ina aina yake, hata kama hukuitaja. Ukiandika namba ya kawaida ya tarakimu kumi, kompaila inajaribu int, isipotosha inajaribu long, na kuendelea, zote zenye alama. Ukiandika kwa heksa, baada ya int inajaribu kwanza int isiyo na alama. Kwenye Uno, 0xFFFF haitoshi kwenye int ya biti 16, kwa hiyo inakuwa namba isiyo na alama, na inaivuta ghafi nayo iwe isiyo na alama kabla ya kulinganisha. Hasi 1 inageuka 65535, zinalingana. Kwenye ESP32, 0xFFFF inatosha vizuri kwenye int ya biti 32, kwa hiyo ni 65535 chanya yenye alama. Ghafi inapanuliwa ikiwa bado hasi 1. Hasi 1 na 65535 hazilingani leo wala milele.

Kuna la kuchekesha zaidi. Kwenye Uno ile ile, badilisha 0xFFFF uandike 65535. Ni namba hiyo hiyo, hata mwalimu wa darasa la tano atakuambia. Lakini sasa ni long yenye alama, ghafi inabaki hasi 1, na ulinganisho unakuwa si kweli. Kuandika namba moja kwa njia mbili kunabadilisha jibu la programu. Na usisahau dada yao mdogo: ukiweka sifuri tupu mbele, namba inasomwa kwa msingi wa nane. 010 ni nane. Ukipanga jedwali lako lipendeze ukaandika 015 badala ya 15, umeandika kumi na tatu.

Ubaya mwingine ni kwamba ulinzi wangu ulikuwa na kasoro hata ulipofanya kazi. 0xFFFF ni joto halali, nyuzi 0.0625 chini ya sifuri, joto ambalo usiku wa jalidi lazima ulipitie. Njia sahihi ilikuwepo kwenye kihisi chenyewe: kinatoa baiti tisa, na ya tisa ni ya kuhakiki zile nane za kwanza. Waya uliokatika hauwezi kupita mtihani huo kwa kutoa moja tupu. Mimi nilisoma baiti mbili za kwanza nikaacha, nikiharakisha.

Na jambo la mwisho la aibu. Waraka wa kihisi hiki, ule wa watengenezaji, una jedwali dogo la mifano ya joto na heksa yake. Nyuzi 85 ni 0550. Nyuzi hasi 10.125 ni FF5E. Na nyuzi hasi 0.5 ni FFF8. Namba ile ile ya saa kumi na nusu usiku imechapishwa humo. Ningechukua jedwali lile nikalipitisha kwenye msimbo wangu juu ya meza, bila friza, bila kihisi, ningemaliza kwa dakika kumi.

Siko peke yangu, ingawa hilo halirudishi viazi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, na haikufika hata dakika moja kabla ya kupinda na kulipuka. Uchunguzi ulikuta sehemu ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kubana namba ya biti 64 ndani ya biti 16 zenye alama. Kwenye Ariane 4 namba ile haikuwahi kuwa kubwa hivyo. Roketi mpya ilikwenda kasi zaidi. Msimbo ulikuwa umeshajaribiwa, kama wangu kwenye friza ya buchari.

Na kuna lingine linatusubiri sote. Mashine nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa biti 32 zenye alama. Mwisho wake ni 0x7FFFFFFF, na baada ya hapo ni hasi, kalenda inarudi Desemba 1901. Siku yenyewe ni 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa zetu. Yaani Januari, alfajiri, saa ya jalidi. Nimeshaangalia: muda kwenye kifaa changu sasa ni biti 64.

Tangu hapo nafanya mambo manne. Data yoyote inayotoka kwenye kifaa naipa aina yenye upana uliotajwa, sitegemei int. Nawasha maonyo yote ya kompaila, maana ile ya ulinganisho usioweza kuwa kweli ni jambo ambalo huwa inalisema, mimi ndiye niliyeziba masikio. Napitisha namba hasi kabla ya namba chanya. Na chujio langu halitupi tena kitu kimya kimya: namba tatu mbaya zikifuatana, Mama anapata ujumbe "SIONI BARIDI, TOKA UANGALIE."

Karo ya mdogo wangu muhula ule niliilipa mimi, na ni haki. Mama hakunidai. Alichofanya ni kurudisha sahani ya bati juu ya tangi.

Msimu uliofuata kifaa kiliita saa tisa na dakika hamsini usiku. Nikampigia mara moja kuhakikisha amepata ujumbe. Akapokea mlio wa kwanza, nikasikia springla zinazunguka nyuma yake.

"Kimefanya vizuri," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nimeshaamka."